Sahani za santuri: naosha kwa nini? Spiriti, sabuni au maji ya betri?

#1 Mla_Kaimati (Malindi)

Salaam kwenu nyote. Nataka msaada wa wanaojua sahani za santuri.

Nimepata makasha mawili. La kwanza nimelinunua kwa Mtaliano wa Casuarina aliyekuwa anauza vyombo vya nyumba arudi kwao. Hizo ni LP tupu, zile kubwa za nyimbo nyingi, za kwao na za jazi, hazina baya ila vumbi na alama za vidole. La pili limetoka Lamu, nyumbani kwa marehemu ami yangu, Mkomani. Humo mna za 45, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na zile nene nzito za zamani. Kasha lilikaa chini ya ngazi miaka na miaka, sahani zimeota ukungu na nyingine zina madoa meupe yasiyotoka kwa kitambaa.

LP moja ya Mtaliano nimeiosha kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya bomba, nikaisuuza, nikaianika kivulini. Ilipokauka ikawa na utando mweupe, na sasa inakwaruza kuliko kabla sijaigusa.

Duka la dawa wana spiriti ya hospitali na isopropili ya asilimia 70. Kituo cha mafuta wana maji ya betri. Nitumie ipi? Na huu utando ni kitu gani?

#2 Punda_Hana_Leseni (Lamu)

Kasha la Mkomani limeota ukungu na wewe umeanza na la Mtaliano. Ami yako angekusikia.

#3 Fundi_Maweni (Malindi)

Spiriti ya hospitali iweke kando. Geuza chupa usome nyuma, nyingi zimetiwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi ya mgonjwa. Spiriti ikishapaa, mafuta yanabaki ndani ya mfereji wa sahani. Sindano ikipita inayazoa pamoja na vumbi, na baada ya nyimbo mbili tatu ncha ina kitu cheusi kama wanja. Ile ya zambarau ya kuwashia jiko ndiyo usiiguse kabisa, ina rangi na ina mengine ya kuwazuia walevi.

Isopropili nayo ni spiriti, ila ikiwa safi hupaa yote. Ukipata ya 99 ni bora, ukikosa hiyo ya 70 itafaa, maana kilichobaki humo ni maji, ila hakikisha hawakutia glisirini wala marashi. Sehemu moja ya isopropili kwa tatu au nne za maji ya betri, na tone moja tu la sabuni ya vyombo isiyo na mambo ya kulainisha mikono. Pitisha brashi laini kwa kuizunguka sahani, kufuata mfereji, usikate katikati. Kisha suuza kwa maji ya betri matupu. Watu wengi huruka hapo.

Hayo ni ya vinili, yaani plastiki ya LP na za 45. Zile nene za ami yako usizitie spiriti ya aina yoyote mpaka tujue ni kitu gani.

#4 Baharia_Mstaafu (Mombasa)

Naongeza kwa Fundi: hayo maji ya betri yaulizie vizuri. Kituo cha mafuta utakuta maji na asidi kwenye shefu moja, chupa zafanana. Ukimwambia kijana "nipe ya betri" atakupa atakayoishika mwanzo. Soma mwenyewe kabla ya kulipa. Asidi ya betri si ya sahani wala si ya vidole.

#5 Mwalimu_wa_Kemia (Lamu)

Mla Kaimati, utando wako haukutoka kwenye sahani, umetoka kwenye maji. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya kisima yanapopita humo huyeyusha chokaa na kuja nayo. Ukianika sahani maji yanapaa, chokaa haipai. Juu yake kuna chumvi, maana visima vyetu vingi vya mjini Lamu vina ukali wa bahari, ndiyo maana maji ya kunywa twayategemea ya kule kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Na sabuni ikikutana na chokaa hutengeneza utando hasa, mgumu kutoka.

Maji yaliyokenekwa, ndiyo hayo ya betri, hayana chokaa wala chumvi. Anza na hayo, mengine yatafuata.

#6 Kusi_Na_Kaskazi (Malindi)

Mwalimu, kwa heshima zote, mtu anaosha Malindi nawe unampa kisima cha Lamu. Maji ya bomba ya huku yanatoka Baricho, kando ya mto Sabaki. Ni visima vya mchanga wa mto, si vya matumbawe.

#7 Sindano_Ya_Almasi (Nairobi)

Na mimi nimsahihishe Mwalimu kidogo. Huo utando wa sabuni na chokaa unapatikana kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia. Sabuni za maji za vyombo nyingi si sabuni kwa maana hiyo, zimeundwa zisigandane na chokaa. Kwa hivyo kama alitumia ya maji, utando ni sabuni yenyewe iliyobaki kwa kusuuza haraka: marashi, rangi, na kile kinachotiwa kulinda mikono.

#8 Mwalimu_wa_Kemia (Lamu)

Nakubali la sabuni ya mche, nilijumlisha. La maji sikubali bado. Mla Kaimati, nyumba yako ina tangi? Bomba likikatika mnajaza nini?

#9 Mla_Kaimati (Malindi)

Tangi lipo. Bomba likikatika twaletewa maji kwa boza, na yanatoka wapi hatuulizi. Sabuni ilikuwa ya maji, ya kijani, yenye harufu ya ndimu.

#10 Mwalimu_wa_Kemia (Lamu)

Haya. Boza.

#11 Sindano_Ya_Almasi (Nairobi)

Haya. Ndimu.

#12 Bi_Langoni (Lamu)

Nyinyi vijana mwajisumbua. Sisi kae sahani twalikuwa twazipangusa kwa kitambaa cha melimeli na mafuta ya nazi kidogo sana kidoleni. Zang'ara, mato yapendezwa, na zaimba. Baba alikuwa na santuri ya kuzungusha kwa mkono, sindano za chuma zaja kwenye kibati, kila upande wa sahani sindano mpya. Mai hayakuwa yagusa sahani hata siku moya.

#13 Fundi_Maweni (Malindi)

Bi mkubwa, shikamoo. Siwezi kubishana na wewe kuhusu ya zamani, ila naomba nieleze yanayonifikia mezani. Sahani zilizopakwa mafuta ya nazi huja kwangu zimeganda. Mafuta yamekuwa mazito, vumbi limekaa ndani, na ukungu umepata chakula. Kwenye santuri ya kuzungusha ilikuwa haijalishi sana, kichwa chake kizito na sindano ya chuma inalima njia yake. Mashine za leo kichwa kinaegemea sahani kwa gramu mbili hivi, kikikutana na mafuta kinaogelea.

Nikizisikia sahani za Lamu nadhani ukungu wa kasha la Mla Kaimati una mkono wa mafuta ya nazi.

#14 Bi_Langoni (Lamu)

Marahaba mwanangu. Ukungu wa chini ya ngazi ni wa chini ya ngazi. Nyumba za mawe zina unyevu wake, mafuta usiyasingizie.

#15 Mpenda_Tarabu (Unguja)

Wakuu, habari za huko. Turudi kwenye zile nene nzito, maana hapo ndipo hasara inapotokea.

Kama imeandikwa 78, yaani mizunguko kwa dakika, ni karibu hakika shelaki. Shelaki ni utomvu unaotolewa na mdudu wa India, unachanganywa na unga wa mawe na masizi, unashindiliwa moto. Ndizo sahani alizorekodi Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 na kampuni ya HMV, na ndizo zilizoenea mwambao wote kabla ya vinili. LP ya vinili ilikuja 1948 Marekani, ya 45 mwaka uliofuata, lakini huku kwetu na India za 78 ziliendelea kutolewa mpaka miaka ya 60.

Sasa: spiriti huyeyusha shelaki. Si kudhuru tu, huyeyusha. Muulizeni seremala yeyote anayepiga vanishi ya zamani, anachukua vipande vya shelaki anavitia ndani ya spiriti vinakuwa maji, anapaka mlango. Mafundi wa milango ya Lamu lazima wanaijua. Ukipitisha isopropili juu ya sahani ya 78 unaigeuza vanishi.

Kuitambua: nzito, ngumu, haipindi. Ukiigonga kwa kucha inalia kavu, ya vinili inalia bubu. Ikianguka haina dua.

#16 Kusi_Na_Kaskazi (Malindi)

Hili nimeliona. Jirani yangu alimpelekea fundi mmoja mjini Mombasa sahani za babu yake, fundi akasema ni kazi ya dakika tano, akachukua pamba na spiriti. Pamba ikatoka nyeusi, akafurahi, "ona uchafu ulivyokuwa". Akaendelea. Uliokuwa unatoka haukuwa uchafu, ilikuwa sahani. Upande aliopangusa umekuwa wa kijivu, hauna mng'aro, na sauti imejificha nyuma ya mvumo. Jirani akalipishwa na kazi.

#17 Sindano_Ya_Almasi (Nairobi)

Mpenda Tarabu yuko sawa, ila aongeze: miaka ya mwisho mwisho zilitoka pia 78 za vinili, na huku nyuma kuna sahani za studio za alumini zilizopakwa laka, redio za zamani walikuwa wakikatia vipindi. Hizo za laka ni mbaya kuliko zote. Huanza kutoa unga mweupe wenyewe, ni mafuta yanayotoka ndani ya laka inapozeeka. Hayo madoa meupe ya Mla Kaimati yanaweza kuwa hayo. Angalia ukingo na tundu la katikati: ukiona chuma, usiguse na chochote, nitafute.

#18 Mla_Kaimati (Malindi)

Nimeangalia. Hakuna chuma. Nene zote zimeandikwa 78 na zinalia kavu. Madoa meupe yako kwenye nene mbili na kwenye za 45 kadhaa. Shukran kwa kunizuia na spiriti, chupa ilikuwa imeshafunguliwa.

#19 Mtoto_wa_Shela (Lamu)

Kama madoa ni chokaa si upake siki? Birika la chai likishika chokaa twalitia siki linakuwa jipya.

#20 Mwalimu_wa_Kemia (Lamu)

Kwa vinili siki iliyopunguzwa sana haitaumiza, na ukiona inatoa mapovu madogo utajua kweli ilikuwa chokaa, nami nitapata haki yangu. Kwa 78 hapana. Ule unga wa mawe aliousema Mpenda Tarabu mara nyingi una chokaa ndani yake. Siki haichagui chokaa ya doa na chokaa ya sahani.

Za 78 zinataka maji yaliyokenekwa, tone la sabuni isiyo na harufu, kitambaa laini kilichokamuliwa, na haraka. Usiziloweke. Unga ule unanyonya maji, na palipo na ufa maji yanaingia na kuvimbisha. Karatasi ya katikati usiiloweshe kabisa, gundi yake inaachia na maandishi ndiyo yatakayokwambia ni nani anaimba.

#21 Punda_Hana_Leseni (Lamu)

Hatimaye! Nani anaimba? Nimeuliza moyoni tangu posti ya pili.

#22 Mla_Kaimati (Malindi)

Moja ya 45 ni ya lebo ya Mzuri, Mombasa. Jina limeliwa na mende, limebaki "Zein".

#23 Mpenda_Tarabu (Unguja)

Kaa chini kwanza. Kama ni Zein l'Abdin hiyo ni ya mtoto wa Lamu mwenyewe, na udi wake. Mzuri ilikuwa lebo ya Assanand, Mombasa. Mkuu hiyo usiifanyie majaribio. Jaribu kwa Mtaliano.

#24 Punda_Hana_Leseni (Lamu)

Mtaliano amekuwa panya wa maabara.

#25 Baharia_Mstaafu (Mombasa)

Ukiiuza hiyo uniambie kabla hujamwambia mtu.

#26 Bi_Langoni (Lamu)

Haiuzwi. Mwanangu, ya ami yako haiuzwi. Huyo baharia alizoea kununua vitu bandarini.

#27 Sindano_Ya_Almasi (Nairobi)

Turudi kwenye dawa. Kama mnataka njia isiyo na ubishi wa spiriti, Maktaba ya Bunge la Marekani, wanaohifadhi sahani kuliko sote, hawatumii spiriti. Wanatumia Tergitol 15-S-7, ni kilowanishi tu, kiasi cha nusu sehemu kwa sehemu mia za maji yasiyo na madini, kisha kusuuza kwa maji kama hayo. Inafaa vinili na shelaki. Kazi ya kilowanishi ni kuvunja ule ukaidi wa maji, maana maji matupu yanakaa juu ya sahani matone matone, hayashuki mferejini. Mfereji wa LP upana wake ni kama nusu ya sehemu kumi ya milimita, tone haliingii bila kushawishiwa.

Mzee yeyote wa studio ya picha anaweza kuwa na Photo-Flo ya Kodak, ile ya mwisho ya kusafishia filamu zisiache alama za matone. Inafanya kazi hiyo hiyo. Matone machache kwa lita, si zaidi.

#28 Kusi_Na_Kaskazi (Malindi)

Na ile hoja kwamba isopropili inanyonya mafuta ya plastiki na sahani inakauka ikapasuka baadaye? Nimeisoma sehemu nyingi.

#29 Sindano_Ya_Almasi (Nairobi)

Hoja ipo, na wapo wanaoiapia. Mimi naona wanachanganya vinili ya sahani na ile ya mipira ya maji na viti vya gari. Ile laini imejazwa mafuta ya kulainisha, hiyo kweli spiriti itayatoa. Ya sahani imeunganishwa na aina ya pili ya plastiki ndani kwa ndani, hiyo ndiyo inayoipa ulaini, hakuna mafuta mengi ya kutoa. Isopropili iliyopunguzwa inayokaa dakika moja na kusuuzwa sijaona ikidhuru.

#30 Mwalimu_wa_Kemia (Lamu)

"Sijaona" si ushahidi. Sahani inadumu miaka mia, wewe umeangalia mingapi?

#31 Fundi_Maweni (Malindi)

Mwalimu, na ukungu utautoa kwa nini bila spiriti? Sabuni inaondoa nywele za juu, mbegu zinabaki. Wiki ya mvua zinarudi. Na mkifuta ukungu fungeni pua, mfutie nje, msifutie chumba cha kulala.

Jingine: isopropili inashika moto. Duka langu lina pasi ya kuunganishia waya, na chupa ile haikai chumba kimoja nayo.

#32 Punda_Hana_Leseni (Lamu)

Tergitol mimi nitainunua wapi, Mokowe? Nikimwambia muuzaji jina hilo ataniuliza ni ya kupe wa ng'ombe?

#33 Mtoto_wa_Shela (Lamu)

Maji ya mvua je? Hayana chumvi wala chokaa, na ni bure. Nyumbani tuna jabia.

#34 Mwalimu_wa_Kemia (Lamu)

Mvua ikiwa angani ni safi. Ikipita juu ya makuti inashuka na vumbi, kinyesi cha kunguru na majani. Na jabia lenu limepigwa lipu kwa nini?

#35 Mtoto_wa_Shela (Lamu)

Chokaa.

#36 Mwalimu_wa_Kemia (Lamu)

Basi.

Ukitaka ya mvua, weka beseni safi uwanjani, palipo wazi, mvua ikishanyesha robo saa ya kwanza. Lakini chupa ya maji ya betri bei yake haishindi bei ya sahani.

#37 Mla_Kaimati (Malindi)

Narudi na majibu. Ile LP ya Mtaliano nimeiosha tena kwa dawa ya Fundi: isopropili moja, maji ya betri manne, tone la sabuni isiyo na harufu, brashi mpya ya kupakia rangi yenye nywele laini. Nikaisuuza kwa maji ya betri matupu, nikaisimamisha kwenye kichanio cha sahani za chakula jikoni.

Utando umetoka wote. Upande wa kwanza umenyamaza, mnaweza kusikia mpiga besi anavuta pumzi. Upande wa pili bado unakwaruza vile vile! Sahani moja, dawa moja, maji yale yale. Sasa?

#38 Fundi_Maweni (Malindi)

Upande huo ulichezwa sana na sindano mbovu, mfereji umeshachimbwa. Hakuna dawa ya kuujaza. Mtaliano alikuwa na wimbo wake.

#39 Sindano_Ya_Almasi (Nairobi)

Huenda, lakini kwanza kagua sindano yako mwenyewe. Ulianza upande gani? Kama upande wa kwanza ulikuwa na uchafu uliolainika na sabuni, sindano imeuzoa wote na kuupeleka wa pili. Sindano kavu, brashi ndogo kavu, kutoka nyuma kuja mbele, kila baada ya upande.

#40 Kusi_Na_Kaskazi (Malindi)

Mimi nauliza habari ya bahasha ya ndani. Ni ya karatasi au ya plastiki laini? Zile za plastiki laini zikikaa joto la huku miaka zinatoa jasho, zinaacha mawingu upande mmoja tu, ule uliokuwa umelalia. Nina LP za namna hiyo, ukizielekeza kwenye mwanga unaona umbo la bahasha, na hakuna sabuni inayolitoa.

#41 Mla_Kaimati (Malindi)

Bahasha ni ya plastiki. Sindano nimeipangusa, naona kweli ilikuwa na kitu. Nimecheza tena, kukwaruza kumepungua kidogo ila kupo. Nikielekeza kwenye dirisha naona… labda wingu. Labda ni macho yangu.

#42 Fundi_Maweni (Malindi)

Labda ni mfereji uliochimbwa.

#43 Mkaa_Mtwapa (Mtwapa)

Poleni, nimechelewa. Mbona hakuna aliyetaja gundi? Gundi nyeupe ya seremala, ile ya mbao. Unaimwaga juu ya LP ikizunguka polepole, unaisambaza isiguse karatasi ya katikati, unaiacha ikauke iwe kama nailoni, unaibandua kwa mkupuo mmoja. Inatoka na uchafu wa mferejini wote. Imenifufulia sahani ambazo isopropili ilishindwa.

#44 Sindano_Ya_Almasi (Nairobi)

Inafanya kazi kwa vinili, nakubali. Ila iwe nzito ya kutosha, ikiwa nyembamba inakatika vipande na utakaa na kibanio cha nyusi usiku kucha. Kwa 78 usithubutu, inaweza kuondoka na ngozi ya sahani.

#45 Kusi_Na_Kaskazi (Malindi)

Na usiifanye mvua za masika. Unyevu huu wetu gundi haikauki katikati, juu imeshika chini bado maziwa. Ngoja kaskazi.

#46 Mkaa_Mtwapa (Mtwapa)

Mimi naweka feni. Jua hapana, kabla hamjasema.

#47 Fundi_Maweni (Malindi)

Jua hapana kabisa. Vinili inalainika kuanzia nyuzi 60 hivi, na sahani ni nyeusi, inakunywa joto. Dari la bati au kiti cha gari saa saba mchana inatosha. Nimeletewa LP iliyopinda mpaka ukiiweka mezani unaweza kuilia wali.

#48 Punda_Hana_Leseni (Lamu)

Sonara mmoja huku ana kile kibeseni cha mitetemo cha kusafishia pete. Nikamwuliza kama sahani itaingia. Akaniangalia, akaangalia kibeseni, akaniuliza kama nimekula.

#49 Sindano_Ya_Almasi (Nairobi)

Wazo si baya. Mashine za mitetemo za sahani zipo, beseni tu linatakiwa liwe kubwa na sahani izunguke taratibu ikiwa imesimama, karatasi ya katikati ibaki juu ya maji. Maji yasipande joto.

Mla Kaimati, zile 78 unazichezea kwa sindano gani?

#50 Mla_Kaimati (Malindi)

Hiyo hiyo ya LP. Kuna nyingine?

#51 Sindano_Ya_Almasi (Nairobi)

Subhanallah. Ncha ya LP ni maikroni 18 hivi, ya 78 inataka kama 75. Ukitumia ya LP inashuka mpaka chini ya mfereji mpana wa 78, inaburuta kwenye sakafu ambako uchafu wote wa miaka umelala, haigusi kuta zenye muziki. Utaosha mpaka kesho na itaendelea kukwaruza. Nunua ncha ya 78 kabla ya kununua dawa yoyote.

#52 Mwalimu_wa_Kemia (Lamu)

Na uchafu huo wa sakafuni umetoka wapi? Kwenye maji ya kisima.

#53 Bi_Langoni (Lamu)

Mwalimu, nimeshasema mai hayakuwa yagusa sahani.

#54 Fundi_Maweni (Malindi)

Mafuta ya nazi basi.

#55 Bi_Langoni (Lamu)

Fundi, ukija Lamu nitakuwekea ya baba uisikie, yenye mafuta yake. Kisha useme.

#56 Mla_Kaimati (Malindi)

Shukran nyote. Za 78 nimezipangusa kwa njia ya Mwalimu, ukungu umetoka, madoa meupe yamebaki kwenye moja. Zein sijamgusa, namngojea Photo-Flo, kuna mzee wa studio hapa anaitafuta ghalani. Ya 45 nyingine niliyotia siki kidogo pembeni haikutoa povu lolote.

#57 Sindano_Ya_Almasi (Nairobi)

Mwalimu, haikutoa povu.

#58 Mwalimu_wa_Kemia (Lamu)

Siki ilikuwa dhaifu. Au ni chumvi, chumvi haitoi povu. Ajaribu maji ya betri ya uvuguvugu, chumvi itayeyuka.

#59 Kusi_Na_Kaskazi (Malindi)

Au ni bahasha.

#60 Mkaa_Mtwapa (Mtwapa)

Gundi, jamani. Mna ubishi wa bure. Na nani anajua wanakouza brashi za nywele za mbuzi Mombasa? Yangu imeanza kunyonyoka.